Ni Kiingereza kinachomsumbua, au ana ulemavu wa kujifunza?

Nafundisha darasa la nne Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda. Kwa mtaala wa Uganda, hapo ndipo mtoto huvushwa kutoka lugha ya eneo kwenda Kiingereza, na hapo ndipo tunaanza kuwaita wengine "wazito". Kwa mtoto aliyetoka Kongo, hata hiyo lugha ya eneo ni ngeni. Kabla hujamwita mzito, fanya hivi.

1. Masikio na macho kwanza. Simama nyuma yake, nong'ona jina lake. Msomeshe ubaoni akiwa dawati la mwisho.

2. Mwite mzazi. Alianza kusema lini, ukimlinganisha na ndugu zake? Ukimtuma chumvi na sabuni, analeta vyote? Alikaa bila shule muda gani? Miaka miwili ya kukimbia vita si ulemavu.

3. Mpime kwa lugha yake. Hatua hii ndiyo inayoamua. Mimi hutumia kinyume, ule mchezo wa kuhamishia silabi ya mwisho mwanzoni mwa neno. Mvulana mmoja aliandika "chou" akikusudia shoe, wenzangu walishaanza kumkatia tamaa. Nikamwambia "samaki", akajibu "kisama" papo hapo. Kumbe alianzia shule ya Kifaransa, ambako sauti ya sh huandikwa ch. Kosa lake lina kanuni, kama la mtoto wa Kiganda anayechanganya l na r. Msichana wa dawati la pili yake alishindwa hata kuigawa sa-ma-ki kwa makofi, na hadithi fupi ya Kiswahili alinirudishia vipandevipande. Mama yake akasema, "Mwalimu, hata nyumbani yuko hivyo." Huyo ndiye aliyenitia wasiwasi.

Ila usimpime kwa kusoma Kiswahili kama hakuwahi kufundishwa kukisoma.

4. Mlinganishe na waliofika naye, wa lugha moja, si na wazaliwa wa Mbarara.

5. Mfundishe katika kikundi kidogo kwa wiki sita hivi, ukiandika tarehe na alichoweza. Usidanganywe na Kiingereza cha uwanjani: hicho huja kwa miaka kama miwili, cha vitabuni huchukua mitano hadi saba.

6. Asiposogea katika lugha zote mbili, peleka daftari lako kwa mwalimu mkuu, uombe apimwe na mtaalamu wa elimu maalumu. Usingoje darasa la saba: UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini shule ndiyo inayopaswa kuwaombea.