Dosie gani za kukopia pembeni mbele masini ikufie mikononi

Wandugu, tarehe 27 Mei 2021, wakati gavana wa kijeshi alitoa amri sehemu kubwa ya Goma ihame kwa sababu ya volkano Nyiragongo, mimi nilikimbia Sake na diski ya nje ndani ya sakoshi, laptopu nikaiacha nyumbani, roho imetulia kabisa. Kufika, naomba masini ya jirani, nafungua diski: Program Files nzima, filme kibao, na dosie ya Windows! TFC yangu, ile kazi ya kumaliza masomo, ilikuwa imebaki kwa Bureau, ile skrini ya kwanza ya laptopu, na tuliporudi laptopu sikuikuta tena, watu walishapita nayo.

Kwa hiyo leo kila dosie naiulizaka: wewe nikikupoteza nitakupata wapi tena? Filme, kijana wa Birere atakuwekea upya kwa flash. Windows na Program Files zinakula nafasi bure, hata ukikopia dosie ya programu ya Word, programu haitafunguka kwa masini nyingine, ni kuinstali upya tu.

Sasa ingia diski C ya masini, fungua Utilisateurs, halafu dosie yenye jina lako. Humo ndani beba Bureau, Documents na Images zote. Ndiyo, Bureau nayo ni dosie kama zingine, na njo kwenye watu tunatupaka kila kitu tukiwa na haraka. Téléchargements ni jalala, ipange kwa tarehe, toa skani ya diplome, bordereau za banki, ile ingine iache ilale. Kama masini iko na D, pitia huko pia, picha za arusi zinapendaka kujificha pale.

Kuko na moja haionekani: AppData. Kama unasoma email kwa programu ya Thunderbird, zinakaa humo. Funga Thunderbird kwanza, andika %APPDATA% kwa mstari wa juu wa dirisha la mafishie, bonyeza Enter, kopia dosie ya Thunderbird. Favori za Chrome usizihangaikie hivyo, ziexporte tu kama fishie ya HTML uweke ndani ya Documents.

Mbele ya kukopia, kliki ya kuume, Propriétés, uone uzito. Diski ikikataa video kubwa na nafasi bado iko, mara nyingi imepangwa kwa FAT32, formati ya zamani, haipokeaka fishie inayofika GB 4. Iformati upya kwa exFAT, lakini toa kwanza vyote vilivyo ndani juu formati inafuta. Kwa intaneti mimi natuma dosie ya masomo peke yake, zingine mega zitaisha mbele hata picha kumi zifike.

Ukimaliza, chomeka diski kwa masini ya mtu mwingine, fungua fishie mbili tatu, soma mpaka ukurasa wa mwisho, si kuangalia jina tu. Halafu usiweke laptopu na diski ndani ya sakoshi moja: laptopu yangu iko Katindo, diski inalalaka kwa shangazi, Himbi.