Jinsi ya kuandaa kazi zako za sanaa kabla hujazipeleka galeri

Wasanii wenzangu, kuna watu wana kazi nzuri kabisa zimejaa ndani, alafu wakikataliwa na galeri mbili tatu wanaanza kujiona hawana kipaji, wakati mara nyingi mchoro hauna shida yoyote, shida ni ulivyoandaliwa na ulikopelekwa. Anayepitia maombi ana rundo mbele yake, kila picha anaipa sekunde chache tu, kwa hiyo lazima aelewe haraka unafanya nini.

Anza na kuchagua, na hapa usikimbilie. Toa kila ulichonacho, panga sakafuni, alafu tafuta zile ambazo zikikaa pamoja mtu anajua ni za mkono mmoja, iwe kwa mada au rangi au malighafi au jambo fulani unalolirudia kila mara. Kazi 10 mpaka 20 zinatosha, na kama galeri imeandika 8 basi peleka 8, sio 9. Wengi tunakwama hapa manake tunataka kuonyesha tunaweza sura, mandhari, wanyama na hata kuchonga, tukidhani ndo uwezo mpana, kumbe mwenye galeri anabaki anajiuliza huyu nikimpa ukuta ataujaza na nini. Tanguliza kazi za miaka miwili mitatu ya karibuni. Na ile unayoipenda sana kwa sababu ina historia yako lakini haiendani na nyingine, iache nyumbani. Inauma, najua, ila iache. Kama huwezi kuchuja mwenyewe, muite mtu anayeelewa sanaa na asiyekuonea haya.

Galeri nazo zichague. Nenda ukaone maonyesho yao, au pitia tovuti yao uone wasanii wanaowaonyesha, kama wote ni wa sanaa dhahania (ile isiyoonyesha vitu kama vilivyo) na wewe unachora watu kwa uhalisia basi hapo unajipotezea muda. Soma masharti yao mpaka mwisho, maana kuna galeri hazipokei maombi kabisa, zinatafuta wasanii zenyewe. Kuingia mlangoni na kanvasi kwapani bila miadi, hapana. Na ukiambiwa ulipe hela nyingi ndo kazi zako zitundikwe, shtuka, kwa sababu galeri ya hivyo imeshapata faida yake kwako hata kama hakuna kitakachouzwa.

Sasa picha. Kwangu mimi hapa ndo pa kutumia muda mwingi kuliko kote, kwa sababu watakachokiona mwanzo ni picha ya kazi yako na sio kazi yenyewe. Piga kwenye mwanga wa mchana uliotulia, kivulini au siku ya mawingu, usipige juani na usitumie flashi. Kama kuna kioo kwenye fremu kitoe. Kamera au simu ilingane na katikati ya mchoro, isiinamie juu wala chini, la sivyo pande zinapinda na kanvasi inaonekana kama imelegea. Baada ya hapo kata ukuta wote kwenye picha ubaki mchoro peke yake, kisha weka skrini karibu na kazi halisi ulinganishe rangi. Ukizing'arisha kupita kiasi, siku wakiiona kazi wataona umewadanganya. Sanamu ipige pande kadhaa, nyuma pawe pa rangi moja. Tunza faili kubwa la 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi) kwa ajili ya kuchapisha, la kutuma lipunguze mpaka upande mrefu uwe kama pikseli 2000, na faili lipe jina lako, jina la kazi na mwaka, sio zile namba za kamera.

Kila picha iende na maelezo yake: jina, mwaka, malighafi, vipimo kwa sentimita (kimo kwanza, upana unafuata), na bei kama wameiomba. Andika pia maelezo yako ya kisanii, nusu ukurasa tu, useme unafanya nini, kwa malighafi gani na kwa nini, kwa maneno unayoongea kila siku. Wasifu ukiwa mfupi sio aibu, usijaze vitu ambavyo havipo.

Kwenye bei, galeri nyingi huchukua karibu 50% ya bei kazi ikiuzwa, kwa hiyo ukitaka kubaki na 300 bei ya ukutani iwe 600. Bei hiyo hiyo ndo utumie hata mteja akikufuata nyumbani, maana galeri ikigundua unauza nusu bei pembeni uhusiano umeisha.

Ukituma, barua pepe iwe fupi na imtaje mhusika kwa jina. Kama hawajasema muda wa kujibu, ngoja wiki 4 mpaka 6 ndo uulize mara moja kwa upole.

Wakati unasubiri, andaa kazi zenyewe. Rangi ya mafuta iwe imekauka kweli, ile nene inaweza kuhitaji miezi 6 mpaka 12 kabla ya kupakwa vanishi, ile ya juu ya kulinda mchoro. Nyuma funga pete mbili za chuma na waya, kama theluthi moja kutoka juu, kisha andika jina lako na la kazi. Wakikubali, usikabidhi kitu bila mkataba unaosema kazi zitakaa muda gani, usafiri na bima ni juu ya nani, na kazi ikiuzwa utalipwa baada ya siku ngapi, alafu siku ya kukabidhi msaini wote wawili orodha ya kila kazi na hali yake, nakala moja ubaki nayo wewe.