Somo: Ukurasa wa mamluki wenye chumvi inayomezeka

Mamluki mmoja kufyeka kikosi kizima ni chumvi, na bila chumvi katuni za vita hazina ladha. Ila msomaji humeza uongo mkubwa pale tu vitu vidogo vinapokuwa sahihi.

1. Tumia karatasi ya A3 ya gramu 200 au zaidi. Nyepesi hujikunja kwa wino. Ikichapwa A4 mchoro hupungua hadi asilimia 71, kwa hiyo usianze na kalamu ya milimita 0.1, anza na 0.3.

2. Fremu tano: mbili ndogo juu, moja ya nusu ukurasa, mbili ndogo chini. Chumvi yote imwage kwenye ile kubwa. Ukilipua kila fremu, hakuna mlipuko utakaosikika.

3. Kwa penseli ngumu ya 2H, vuta mpinde mmoja kutoka kisigino cha nyuma hadi kwenye mtutu, ndipo ujenge mwili juu yake. Akisimama kama mlingoti, hata bunduki mbili hazimpi nguvu.

4. Silaha, na hapa ndipo wengi huharibu. Bunduki ya AK hutema maganda ya risasi kulia. Mpiganaji akielekea kulia mwa ukurasa, tunaona maganda yakitoka na mkono wa kukokia; akielekea kushoto, vimejificha. Ukigeuza picha ya mfano kushoto-kulia kwenye kompyuta, umeshakosea. Risasi 30 kwa kasi ya 600 kwa dakika huisha kwa sekunde 3, basi fremu moja ndogo ioneshe magazini ikibadilishwa: ncha ya mbele inaingia kwanza, kisha inavutwa nyuma hadi ikamate. Vidole vikaze, kucha ziwe na masizi. RPG-7, kirusha roketi cha begani, hutoa moto nyuma pia. Usimweke mwenzake hapo.

5. Wino. Kitovu cha mlipuko kiache karatasi tupu, weusi uuzunguke. Usifute penseli kabla wino haujakauka kabisa.

Swali: Mistari yangu ya kasi inafanana na miale ya jua la mtoto.
Jibu: Umeipanga kwa nafasi sawa. Ichore mafungu mafungu, uache mapengo, na uivute kutoka nje kuelekea nukta moja ili ncha ya ndani iwe nyembamba.

Swali: Hadithi yangu ni ya Congo, 1964. Mamluki niwape AK?
Jibu: Hapana. 5 Commando, kikosi cha mamluki cha Mike Hoare, ilibeba bunduki ya FAL ya Ubelgiji: magazini ya risasi 20, mkono wa kukokia kushoto. Katika hatua ya 4 mkono huo tu ndio unageuka; maganda bado hutoka kulia.

Swali: "Ratatata" niiandike lini?
Jibu: Hatua ya 3, pamoja na mwili. Ukiiacha mwisho itafunika uso.