Kurambaza samoni na trauti katika Ziwa Michigan wakati wa joto

Samoni si wenyeji wa Ziwa Michigan, huko Marekani. Mwaka 1966 jimbo la Michigan, kwa uongozi wa mtaalamu wa samaki Howard Tanner, lilipandikiza vifaranga vya koho, aina ya samoni waliotoka upande wa Bahari ya Pasifiki, na mwaka uliofuata likaongeza chinuki, aina nyingine ya samoni, ili wawale aluwaifu, visamaki vya rangi ya fedha vilivyokuwa vimelijaza ziwa na kufa kwa wingi hadi kuzifunika fukwe. Mpaka leo chinuki hushiba kwa visamaki hivyo, na mvuvi huvitafuta kwanza, kama mvuvi wa Kigoma anavyojua kwamba penye dagaa mgebuka hayuko mbali. Mwenyeji wa asili ni trauti wa ziwani, jamaa wa samoni, ambaye hukaa chini zaidi na hapendi haraka.

Wengi huamini kwamba kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya chombo kinachotembea, kunategemea rangi ya chambo. Kwa maoni yangu rangi ni jambo la tatu. La kwanza ni baridi ya maji, na la pili ni mwendo wa chambo kule chini.

Katika Julai na Agosti maji ya juu hufikia nyuzi za Selsiasi 20 au zaidi, huwa mepesi, na kuelea juu ya maji mazito ambayo chini kabisa hubaki karibu na nyuzi 4. Kati ya matabaka hayo kuna ukanda mwembamba ambamo joto hushuka ghafla ndani ya mita chache, na hapo ndipo penye kazi. Chinuki na koho hupendelea nyuzi 11 hadi 13 hivi. Trauti wa kahawia huvumilia joto zaidi kidogo. Trauti wa ziwani hutaka 7 hadi 10. Kwa hiyo kabla ya kufungua sanduku la chambo, shusha kipimajoto, kisome kila baada ya mita 3, na uandike. Msimu wangu wa kwanza nilipuuza hatua hii, nikakokota chambo safi asubuhi nzima katika kina cha mita 10, kwenye maji yaliyofaa kuogea, na sikuguswa hata mara moja.

Wala usitegemee kina cha jana. Upepo wa kaskazini ukivuma siku mbili tatu, maji ya juu husukumwa mbali na ufuko wa mashariki, upande wa Ludington na Manistee, na maji baridi hupanda kuchukua nafasi yake. Upepo wa kusini hufanya vivyo hivyo kwenye ufuko wa magharibi, upande wa Milwaukee na Sheboygan. Ukanda uliokuwa mita 25 unaweza kupanda hadi chini kidogo ya uso wa maji, na samaki nao wakasogea karibu na pwani.

Kufikia kina hicho hutumika winchi ndogo iliyofungwa tezini, yenye waya na chubwi la kilo 5 hivi. Acha chambo kirudi nyuma ya chombo mita 5 hadi 15, kisha bana mshipi kwenye kibanio kilichoshikana na chubwi. Teremsha chubwi polepole huku ukizuia gurudumu la mshipi kwa kidole gumba, kwa sababu ukiliachia litazunguka kupita kiasi na mshipi utajisokota. Chubwi likifika panapotakiwa, tia ufito wa kuvulia kwenye kishikio chake na uvute mshipi mpaka ncha ya ufito ijikunje kama upinde. Samaki akipiga, kibanio huachia, ufito hunyooka kufumba na kufumbua, kisha huinama tena kwa uzito wa samaki mwenyewe.

Samoni hufuata mwendo wa kilomita 3.5 hadi 4.5 kwa saa, na trauti wa ziwani mwendo wa pole kuliko huo. Hata hivyo GPS hupima mwendo wa chombo, wala haipimi mwendo wa chambo, maana mkondo wa chini huweza kwenda kinyume na wa juu. Mimi huutazama waya. Ukielekea kaskazini na waya ukalala nyuma kwa pembe fulani, basi ukirudi kusini rekebisha mwendo wa mashine mpaka upate pembe ileile. Kumbuka pia kwamba waya uliolala nyuma kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka wima hupunguza kina: mita 30 za waya hukufikisha kama mita 26 tu. Piga kona pana mara kwa mara, kwa sababu chambo cha nje ya kona huongeza mwendo na cha ndani hupunguza. Samaki akipiga chambo cha upande wa nje, ongeza mwendo.

Kuhusu rangi, kijiko, yaani chambo bandia cha chuma chenye umbo la kijiko, kinachong'aa gizani hufaa kabla ya jua kuchomoza. Kwenye kina kirefu nyekundu hupotea mapema, ilhali buluu na kijani huonekana mbali zaidi.

Samaki akishika, usisimamishe chombo. Punguza mwendo tu, maana kikisimama mshipi hulegea, na usikaze breki ya gurudumu, kwani chinuki mkubwa hukimbia makumi ya mita kwa mkupuo mmoja. Idadi inayoruhusiwa ikitimia, acha kuvua, kwa kuwa samaki aliyetolewa kwenye baridi na kuachiwa katika maji ya juu yenye joto mara nyingi hufa.

Samaki wakubwa wa ziwa hili hubeba PCB, kemikali za viwandani zenye sumu, ndani ya mafuta yao, na mamlaka za majimbo hutoa mwongozo wa kiasi cha kula. Ondoa ngozi, mafuta ya tumbo na ule mstari mweusi wa ubavuni, kisha mchome juu ya wavu ili mafuta yaliyosalia yadondoke.