Somo: Kina cha skwati na afya ya magoti

Habari zenu wanachama. Wengi mmeuliza skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama tena, ishuke hadi wapi, na karibu kila aliyeuliza ameshaambiwa na mtu kwamba kwenda chini kunamaliza magoti. Nimeona bora niandike somo zima, maana naumia kuona vijana wanapakia sahani tele za uzito kwenye chuma, wanakunja magoti kidogo, wanarudi juu, halafu wanakuja kulalamika maumivu ya mbele ya goti. Msimamo wangu ni mmoja: ukielemewa, punguza uzito kabla hujapunguza kina.

Hofu yenyewe ina historia. Mwaka 1961 Karl Klein wa Chuo Kikuu cha Texas alichapisha utafiti akisema wanaochuchumaa hadi chini wakiwa na vyuma wana ligamenti za magoti (kamba zinazoshikilia mifupa ya kiungo) zilizolegea. Makocha wakalishika neno hilo, likasambaa dunia nzima. Utafiti mwingine wa Marekani uliotoka mwaka 1989 ulilinganisha waliofanya skwati kamili na waliofanya nusu kwa wiki 8, ukapima na wanyanyua vyuma wazoefu. Kulegea huko hakukuonekana.

Ndani ya goti mambo yako hivi. Kadiri unavyokunja, pia ya goti, kile kifupa cha mbele, inazidi kukandamizwa kwenye mfupa wa paja, na mkandamizo unafika kileleni karibu na nyuzi 90. Ukipita hapo, kano nene ya misuli ya mbele ya paja inaanza kuegemea mfupa, nyuma ya paja inakutana na kigimbi, mzigo unagawanyika. Sasa mtazame anayefanya nusu: anasimama na kugeuza mwendo jirani kabisa na pale penye mkandamizo mkubwa, tena akiwa na kilo ambazo asingeweza kupanda nazo kutoka chini. Ligamenti ya mbele ya goti, ile inayowakatikia wacheza mpira, haielemewi sana kwenye skwati ya chini.

Hatua ya 1: Jua kina chako cha leo. Usishike kitu. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega au zaidi kidogo, vidole vikitazama nje kiasi. Shuka polepole huku mwenzako akikurekodi kwa simu kutoka ubavuni. Angalia mambo mawili: visigino vinanyanyuka wapi, na mgongo wa chini unaanza kujikunja wapi. Kinachotangulia kati ya hivyo ndicho kikomo chako kwa sasa. Aliyekulia kwenye choo cha kuchuchumaa mara nyingi kina anacho tayari, anachokosa ni nguvu ya kukitawala akiwa na mzigo. Kwa kipimo, mashindano ya kunyanyua uzito ya powerlifting yanataka mkunjo wa nyonga ushuke chini ya usawa wa juu ya goti. Kwa wengi wetu hapo panatosha.

Hatua ya 2: Fungua kifundo cha mguu. Weka vidole vya mguu kama sentimita 10 kutoka ukutani, kisha sukuma goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Halifiki? Basi kinachokuzuia kushuka huenda ni kifundo, goti unalionea bure. Lifanye zoezi hilo kila siku, na wakati wa skwati weka sahani nyembamba au kipande cha ubao chini ya visigino. Wanyanyua vyuma wa Olimpiki huvaa viatu vyenye kisigino kigumu kilichoinuliwa kwa sababu hiyohiyo, kwa hiyo usione aibu.

Hatua ya 3: Anza na dumu. Hapa ndipo watu wanaruka, na hapa ndipo goti linapojengwa. Jaza maji dumu la lita 5, hizo ni kilo 5, likumbatie kifuani. Shuka kwa sekunde 3, tulia chini sekunde 1, panda. Kule kutulia kunakunyima nafasi ya kudunda, kwa hiyo misuli ndiyo inayobeba. Magoti yafuate uelekeo wa vidole. Yakianza kuingia ndani, seti imekwisha hata kama ulipanga kuendelea. Seti 3 za mara 8, siku 2 au 3 kwa wiki. Zikiwa nyepesi, nenda dumu la lita 10.

Hatua ya 4: Chuma tupu, kisha sahani. Chuma cha kawaida cha mashindano kina kilo 20. Kama mtaani kwenu mnatumia nondo na makopo ya saruji, pimeni kila upande kwa mizani kwanza. Upande mmoja ukizidi, mwili unapinda na goti moja linalipa. Ongeza kilo 2.5 hadi 5 kwa jumla, na uongeze pale tu mara zote za seti zinapofika kina kilekile. Ya mwisho ikiishia juu kuliko ya kwanza, toa sahani.

Hatua ya 5: Sikiliza goti asubuhi inayofuata. Misuli ya paja kuuma ni kawaida. Maumivu madogo ya goti yanayotulia ndani ya siku moja yanavumilika, punguza kilo kidogo uendelee. Goti likivimba, likikwama, au likiachia ghafla ukitembea, acha skwati ukamwone daktari.

MASWALI YA WANACHAMA

Kocha, nimefundishwa goti lisipite vidole vya mguu. Ni kweli?
Hapana kaka. Kuna vipimo vilivyofanyika Marekani mwaka 2003: wanaume walifanya skwati, mara magoti yakiwa huru, mara yakizuiwa na ubao yasisogee mbele. Walipozuiwa, nguvu ya kuzungusha kwenye goti ilishuka kutoka kama 150 hadi 117, kwa kipimo cha nyutoni-mita. Kwenye nyonga ilipanda kutoka 28 hadi 302. Goti lilipumzishwa kidogo, nyonga na mgongo wa chini vikabebeshwa mno. Mwenye mapaja marefu hawezi kushuka bila goti kupita vidole. Kisigino kikiwa chini, liache lipite.

Magoti yanalia nikishuka. Hayaumi.
Kama hakuna maumivu wala uvimbe, endelea. Sauti peke yake si ugonjwa.

Mimi nakaa tahiyatu bila shida yoyote, lakini skwati ya nusu na kilo 80 inaniuma mbele ya goti. Inakuwaje?
Ndugu yangu, swali zuri sana. Kwenye tahiyatu goti limekunjwa kabisa na halilalamiki, basi kukunja kwenyewe hakukudhuru. Shida ni hizo kilo 80 unazozigeuza katikati ya njia. Shuka hadi kilo ambazo huumii nazo, hata kama ni chuma tupu, fanya kina kamili kwa mwendo wa polepole, kisha upande taratibu wiki hadi wiki. Usirudi kwenye 80 kwa sababu tu umepata siku moja nzuri.

Mwanangu, nina miaka 58, daktari amesema gegedu za goti zimelika. Niache kabisa?
Shikamoo mama. Usiache, maana mazoezi ni miongoni mwa matibabu ya kwanza ya tatizo hilo. Gegedu ya goti haina mishipa ya damu, inalishwa na ute wa kiungo, na ute huo husukumwa na mwendo. Anza kwa kukaa na kusimama kwenye kiti kigumu, mikono ikishika meza ukihitaji, mara 5 hadi 8. Ukizoea, tafuta kiti kifupi kidogo. Chuma hukihitaji kwa sasa.

Kuvaa bandeji za magoti kunasaidia?
Zinatia joto na zinampa mtu ujasiri. Kilo zilizozidi hazitazipunguza.

Nilifanyiwa upasuaji wa meniskasi (ile gegedu ya kati ya mifupa ya goti) baada ya kuumia mpirani. Naweza kufuata hatua hizi?
Pole sana. Uliza kwanza kama meniskasi ilishonwa au ilikatwa kipande. Iliyoshonwa mara nyingi huwekewa katazo la kukunja goti kupita nyuzi 90 ukiwa umebeba uzito, kwa miezi kadhaa. Mtu wa fiziotherapia akikuruhusu, anzia hatua ya 1, na mpaka huo usiupite hata kama mwili unakuambia unaweza.