SOMO: Jinsi ya kupata mkopo ukiwa kijijini, huna hati wala mshahara (soma lote kabla hujauliza)

Habari zenu wakuu. Wiki hii pekee nimeulizwa inboksi mara saba swali lile lile, "nipo kijijini, sina hati ya nyumba, sina slipu ya mshahara, nakopa wapi?" Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa mwaka wa tisa huu, na kabla ya hapo nilikuwa mkopaji, tena mkopaji aliyeumia. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Kitu kimoja nakitanguliza maana ndicho watu hawakiulizi. Wote mnauliza riba ngapi. Sawa, riba inauma, lakini mtu wa shamba mara nyingi anaangushwa na TAREHE. Hela yako inaingia mara moja au mbili kwa mwaka halafu deni linadai kila mwezi. Hilo nitalieleza hatua ya 5, usiiruke.

Hatua ya 1. Andika unakopa ya nini na kiasi gani. Ikishindikana kuandika kwa mstari mmoja, bado hujafika wakati wa kukopa.

Hatua ya 2. Laini ya simu iwe kwa jina lako mwenyewe na jina lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho.

Hatua ya 3. Ijue milango iliyopo. Wa kwanza ni kikundi cha kuweka na kukopa, vikoba na ndugu zake, humo dhamana yako ni akiba yako na sura yako inayojulikana. Wa pili ni saccos, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, lazima uwe mwanachama na uwe umeweka akiba kwa muda, ukienda leo hukopi leo. Wa tatu ni muuza pembejeo au mnunuzi wa mazao anayekupa mbegu na mbolea halafu anakata wakati wa mavuno. Huyu ana faida moja kubwa, anadai msimu ule ule ambao hela ipo, ila uliza bei atakayonunulia imeandikwa wapi, maana wengi riba yao imejificha kwenye bei na kwenye mizani. Wa nne ni taasisi ndogo za mikopo zinazokopesha watu watano watano mkadhaminiana. Wa tano ni mikopo ya kwenye simu, inatoka haraka lakini ni midogo, ya siku chache, na kuna programu ambazo ukizikubalia zinasoma namba zote za simu yako, ukichelewa siku mbili shemeji na mchungaji wote wanatumiwa meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Wa sita ni ndugu na jirani, na hapo pia andikishaneni, karatasi hailetei ndugu ugomvi, ugomvi unaletwa na kumbukumbu mbili zinazopishana.

Hatua ya 4. Jenga rekodi kabla ya shida. Kopa kidogo kwenye kikundi, rudisha kabla ya siku, kopa tena. Mauzo yako yapitishe kwenye simu au akaunti ili yaache alama. Tunza risiti za pembejeo na za mazao kwenye bahasha moja. Mkopeshaji asiyekujua hana namna ya kukuamini zaidi ya hizo karatasi. Na kama nchi yako ina taasisi inayotunza taarifa za wakopaji, omba taarifa yako uione, kuna watu wanakataliwa kwa deni walilolimaliza zamani ila mkopeshaji hakulifuta.

Hatua ya 5. RATIBA YA MAREJESHO. Hapa ndipo nilipoumia.

Mkopo wangu wa kwanza mkubwa ulikuwa wa miezi 12, wa mbegu, mbolea na vibarua. Afisa mikopo akanipa kadi ndogo ya manjano yenye visanduku 12, kila kisanduku na tarehe yake. Mimi macho yalikuwa kwenye kiasi, tarehe sikuzisoma. Kisanduku cha kwanza kilikuwa siku 30 tangu nishike hela. Siku 30 mazao yamefika magotini jamani, hela yote ipo ardhini! Rejesho la kwanza nikalipa kwa hela ya mkopo ule ule, ile niliyokuwa nimeibakiza kwa palizi. La pili nikauza baiskeli. La tatu nikaenda kwa mtu mwingine nikachukua mkopo wa wiki nne, ile mikopo watu wanaiita kausha damu, na kwa vile hela ya palizi nilishaila kwenye marejesho shamba likamezwa na magugu nikavuna nusu. Ona hapo, mkopo uliokuja kusaidia shamba ndio ulioliua shamba, na shamba ndilo lililotakiwa kuulipa mkopo. Ile kadi ninayo mpaka leo, visanduku vitatu vya mwanzo vina mhuri, cha nne na cha tano vimeandikwa kwa kalamu nyekundu. Kila mwanachama mpya wa kikundi chetu namshikisha aiangalie kabla hajajaza fomu.

Sasa fanya hivi. Chukua daftari, chora miezi 12, kila mwezi andika hela inayoingia na inayotoka, na uandike ukweli, usiandike unachotamani. Mwezi mbaya kuliko yote uzungushie duara. Rejesho la kila mwezi lazima litoshe ndani ya mwezi HUO, usipige wastani wa mwaka, maana hakuna siku utaamka ushike wastani mkononi. Kama halitoshi mwambie afisa mikopo unataka kipindi cha neema, yaani muda wa mwanzo usiodaiwa rejesho, au kulipa riba tu mpaka mavuno halafu mtaji, ile hela yenyewe uliyokopa, kwa mkupuo. Wengine wanayo mikopo ya msimu ila hawaisemi mpaka uulize. Na uliza kama riba inaendelea kuhesabiwa kipindi cha neema, mara nyingi inaendelea.

TAHADHARI:
– Usilipe mkopo kwa mkopo. Usiku ule unaona umepona, asubuhi una madeni mawili.
– Ukiona utachelewa, nenda ofisini KABLA ya tarehe. Anayekuja kabla anasikilizwa, anayefuatwa nyumbani anaandikwa.
– Kama rejesho la mwezi haliepukiki, lipie kwa kipato kinachoingia kila wiki, kuku, maziwa, ufundi, kibarua, na hela hiyo iweke pembeni kabisa.

Hatua ya 6. Uliza riba inahesabiwaje, kwenye mkopo wote mpaka mwisho (wengine wanaita flati) au kwenye salio linalopungua. Umekopa 1,200 miezi 12 kwa 10% ya flati, riba ni 120 na kila mwezi unalipa 110. Lakini baada ya miezi sita nusu ya hela umeshairudisha na riba bado wanahesabu kana kwamba yote unayo mfukoni. Ukiihesabu kwa salio hiyo 10% inakaribia 18% kwa mwaka. Na kama wanakata ada kabla hujapewa, hesabu kile ulichoshika mkononi.

Hatua ya 7. Soma mkataba, ondoka na nakala.

Karibuni kwa maswali.

---

haraka_haraka: Mkuu somo refu sana, kwa kifupi napata wapi mkopo leo leo bila dhamana?

Mtoa somo: Hatua ya 3.

haraka_haraka: Nimeona, ila hujaweka namba za simu.

Mtoa somo: Na siweki. Mkopo wa leo leo bila kuulizwa chochote utaupata bila msaada wangu, na wengi walionifuata inboksi wanalia walianzia huko.

bondeni: Hapo kwenye riba umetudanganya. Mimi nimekataa sehemu wanatoza 15% ya salio linalopungua nikachukua 10% flati. 10 ni ndogo kuliko 15, hata mtoto anajua.

Mtoa somo: Mkuu soma tena kabla ya kusema nimedanganya. Chukua 1,200 hiyo hiyo, unarudisha 100 ya mtaji kila mwezi. Kwa 15% ya salio mwezi wa kwanza riba ni 15, wa pili 13.75, inashuka hivyo mpaka wa mwisho 1.25. Jumlisha, inakuja 97.5. Yako ni 120. Kalamu ipo, karatasi ipo.

bondeni: Nimejumlisha, kweli 97.5. Mbona hawakuniambia?

Mtoa somo: Kwa sababu hukuuliza, na wao wanauza. Pole lakini. Sasa angalia mkataba unasemaje ukilipa mapema, wengine wa flati hata ukimaliza mwezi wa tano riba ya mwaka mzima unalipa. Kama wanapunguza basi wahi kumaliza, kama hawapunguzi usijikamue bure.

mama_wa_bustani: Asante kaka kwa somo. Sisi tupo wanawake 18 tunataka kuanzisha kikundi, shida ninayoiona wote ni wakulima, msimu wa kupanda wote tutataka kukopa siku moja na hela hakuna. Hilo mnalifanyaje?

Mtoa somo: Dada yangu hili swali ndilo nilikuwa nalisubiri. Ni kweli kabisa, kijijini wote tunapata pamoja na tunakwama pamoja, kwa hiyo sanduku la hela za kikundi linajaa baada ya mavuno wakati hakuna mwenye shida na linakauka wakati wa kupanda. Sisi tumefanya mambo matatu. Moja, hisa, yaani vipande vya akiba, zinunuliwe kwa wingi baada ya mavuno, mtu aruhusiwe kununua moja mpaka tano kila mkutano, mwenye nacho anunue tano wakati huo, kiangazi anunue moja tu asionekane mnyonge. Mbili, mzunguko wa kuweka akiba tunaumaliza na kugawana kabla tu ya kupanda, ili kila mtu ashike akiba yake mwenyewe pamoja na faida, mkopo uwe wa kuongezea. Tatu, tumewaingiza watu wenye kipato cha aina nyingine, fundi cherehani, muuza duka, mwalimu, hela zao zinaingia wakati zetu zimelala. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mtu, na 18 ni idadi nzuri, mkivuka 25 au 30 mikutano inakuwa mirefu na watu wanaanza kutoroka. Mfuko wa jamii wekeni pembeni, wa ugonjwa na msiba, usichanganywe na hela ya mikopo hata siku moja.

kijana_wa_bodaboda: Kuna watu wamenipigia wanasema mkopo wangu umepita, nitume kwanza hela ya bima na fomu ndio waingize. Nitume?

Mtoa somo: Usitume. Umeomba mkopo kwao?

kijana_wa_bodaboda: Hapana.

Mtoa somo: Sasa umepitaje? Matapeli hao. Mkopeshaji wa kweli anakata ada zake kwenye mkopo au unalipa ofisini unapewa risiti. Namba ya siri ya kuthibitisha ikija kwenye simu yako kwa meseji pia usiwatajie.

mwalimu_mstaafu: Somo zuri mwanangu. Niongezee kidogo kwa vijana wanaodhani vikundi ni vitu vya watu duni. Saccos tunazozijua mizizi yake ipo vijijini Ujerumani. Friedrich Wilhelm Raiffeisen alikuwa meya wa vijiji vidogo, akaona wakulima wanavyonyonywa na wakopeshaji baada ya njaa ya 1846 na 1847, alianza kwa misaada ya matajiri ikamshinda, mwaka 1864 pale Heddesdorf akasimamisha chama ambacho wanachama wenyewe wanaweka na kukopeshana.

Mtoa somo: Shikamoo mwalimu, asante sana. Na hivi vikundi vyetu vya sanduku na hisa utaratibu wake ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la misaada la CARE likifanya kazi na wanawake wa vijijini ambao hakuna benki iliyowatazama. Nawaeleza wanakikundi hili kila mwaka, maana mtu akijua kitu kilibuniwa kwa ajili ya hali kama yake anakiheshimu.

mzigo_ghalani: Mkuu umesahau stakabadhi ya ghala. Mimi siuzi siku ya mavuno bei ikiwa chini, napeleka ghala linalotambulika, napewa stakabadhi, nayo naikopea.

Mtoa somo: Kweli nimeiacha, ahsante, watu wazingatie hii kama ghala la namna hiyo lipo karibu. Mzigo uwe mkavu, ukiwa na unyevu wanaukataa au wanashusha daraja. Na hesabu gharama ya kuhifadhi, usije ukasubiri bei mpaka ghala likala faida.

bondeni: Mkuu nimerudi. Jirani ananiomba nimdhamini, ni mtu mzuri.

Mtoa somo: Umeona kadi yake ya marejesho?

bondeni: Hapana, nitaomba?

Mtoa somo: Omba, mkae wote wawili na lile daftari la miezi 12. Ukisaini, deni lake likianguka linakuangukia wewe, kwa hiyo dhamini kiasi ambacho hata ukikilipa wewe nyumba yako haitikisiki. Akikataa kuonyesha kadi, jibu umeshalipata.

mama_wa_bustani: Kaka la mwisho, sanduku tuliweke kwa nani? Mwenyekiti ndiye mwenye nyumba ya kufunga vizuri.

Mtoa somo: Likae kwake hakuna shida, ila asiwe na ufunguo. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu wa nyumba tofauti wasio viongozi, na lisifunguliwe nje ya mkutano hata kwa mgonjwa. Kabla ya kufunga kila mkutano hesabuni kwa sauti, salio kila mtu alishike kichwani mwake, mkutano unaofuata mnaanza kwa kuulizana lilikuwa ngapi. Kufuli nunueni za aina tofauti, sisi tulinunua za aina moja na siku moja tukagundua ufunguo mmoja unafungua mbili.