Subira nane kwa uchungu mmoja: jinsi ya kuuzoeza mwili kulegea kabla ya siku ya kujifungua

Mwanamke aliyenifundisha haya alinikuta zamu ya usiku, kanga mabegani, beseni la vifaa vyake mkononi. Nikamuuliza uchungu umeanza saa ngapi. Akanijibu kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. Nilikuwa na wengine wawili wanalia vitandani, basi nikamwonyesha benchi, nikamwambia apumzike kwanza, huyu bado sana. Haikupita nusu saa akaniita: "Sista, anakuja." Kumpima njia, imefunguka yote, sentimita 10. Mtoto yule nilimpokea nikiwa na glavu mkono mmoja.

Asubuhi nilimwomba radhi, kisha nikamuuliza alikuwa wapi usiku ule. Akasema, "Nilikuwa nasuka ukili." Ni msusi wa mikeka. Uchungu ukija anafumba macho, anapitisha mwaa juu ya mwaa kichwani, vidole vikitembea kwenye pindo la kanga; uchungu ukiondoka anauweka ukili chini. Hakuna mtu aliyemfundisha.

Mimi ni mkunga hapa Tanga, mwaka wa 19 sasa. Tangu usiku ule nimesoma, nimejaribu mwilini mwangu, na jioni za Jumamosi nawafundisha wajawazito wa mtaani barazani kwangu. Alichokifanya yule mama kina jina: hipnosisi ya kujifanyia mwenyewe. Jina hilo linatisha watu. Huku pwani mtu akifumba macho na asijibu anapoitwa, wa kwanza kutajwa ni pepo. Hakuna pepo hapa. Umewahi kupanda daladala ukapitishwa kituo chako kwa mawazo? Konda ulimsikia, macho yalikuwa wazi, ila akili ilikuwa pengine. Ndiyo hiyo hiyo, tofauti ni kwamba sasa unakwenda huko kwa kutaka, na unarudi ukitaka.

Faida yake ni hii. Mwili ukiogopa unamwaga adrenalini, homoni ya hofu, na adrenalini humpinga oksitosini, ambaye ndiye anayeikamua nyumba ya uzazi. Nimeona mama aliyekuwa anaendelea vizuri akifika leba tu, akiona mkasi na taa, uchungu unapoa. Daktari wa Uingereza, Grantly Dick-Read, aliliandika jambo hili tangu miaka ya 1930: hofu hukaza misuli, misuli iliyokazwa huongeza maumivu, maumivu hurudisha hofu. Sisi tunauvunja mnyororo huo kwenye kukaza, kwa sababu hofu huwezi kuiamrisha iondoke, lakini bega unaweza kuliambia lishuke likashuka.

Nisikudanganye. Wapo wanaouza "kuzaa bila maumivu". Weka pesa yako mfukoni. Uingereza waliwafuatilia wajawazito 680, wengine wakafundishwa hipnosisi hii na wengine wakapata huduma ya kawaida. Matokeo yaliyotoka mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliofundishwa waliomba sindano ya ganzi ya mgongoni karibu sawa na wenzao. Tofauti ilionekana kwenye hofu: baada ya kujifungua walisema waliogopa na kuhangaika kidogo kuliko walivyotarajia. Kwangu hiyo inatosha. Wengi wetu hiyo sindano ya ganzi ya uchungu hata hatuioni. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018, linataja kulegeza misuli, kupumua na muziki kuwa njia za kumsaidia mama mwenye afya anayetaka nafuu ya maumivu.

Anza na taya

Anza mimba ikiwa na wiki 28 hadi 32. Dakika 15 kwa siku, usiku kabla ya kulala ndiyo saa nzuri. Usilale chali, tumbo kubwa hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, utasikia kizunguzungu. Lala ubavu, wa kushoto ukiweza, mto katikati ya magoti.

Sasa ng'ata meno kwa nguvu, hesabu hadi tano, achia. Acha mdomo ubaki wazi kidogo, ulimi umelala. Hata ukidondosha mate, sawa. Kisha pandisha mabega masikioni, hesabu tano, achia. Kunja ngumi, achia. Kaza makalio, achia. Kaza mapaja, achia. Vidole vya miguu mwishoni. Mbinu hii ya kukaza kwanza ndipo uachie ni ya daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, tangu karibu miaka 100 iliyopita, na akili yake ni nyepesi: mtu akiambiwa "legea" hajui pa kuanzia, lakini akikaza kisha akaachia anaihisi tofauti.

Natanguliza taya kwa sababu ya ninayoyaona kazini. Mama anayesaga meno, mapaja na makalio yake nayo yamebana. Nikimwambia afungue mdomo, vingine vinafuata bila kuambiwa. Baada ya wiki moja jipime: mwambie mumeo au wifi yako akunyanyue mkono na auachie ghafla. Mkono ukianguka wenyewe kama kanga iliyolowa, umeweza. Ukibaki hewani ukisubiri ruhusa, rudia.

Kanga ndiyo saa yako

Chagua kanga moja, ya zamani iliyolainika, na uivae kila unapofanya mazoezi na si wakati mwingine. Mwili una tabia ya kuunganisha vitu. Baada ya wiki kadhaa ukijifunga kanga ile tu, mabega yanaanza kushuka yenyewe.

Yangu ilikuwa na jina *Subira yavuta heri*, na jina lile likageuka saa. Vuta pumzi kwa pua ukisema moyoni su-bi-ra: silabi tatu, kila moja sekunde moja. Toa kwa mdomo ulio wazi ukisema ya-vu-ta-he-ri: silabi tano. Kutoa kumekuwa kurefu kuliko kuvuta, na ndivyo tunavyotaka, kwa sababu pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mbio za moyo. Subira moja ni sekunde nane. Uchungu ulioshika kasi hudumu kama dakika moja. Piga hesabu: subira saba na nusu. Mimi huwaambia wanafunzi wangu nane, ile nusu ni ya kushusha mabega.

Hesabu hiyo ndogo imesaidia wanawake wengi kuliko hotuba zangu zote. Mama akijua yuko kwenye subira ya tano, anajua kilele kimepita.

Kanga yako ina maneno mengine? Jaribu kama silabi zinagawanyika hivyo. Nina mwanafunzi anayetumia dhikri, "Ya Latifu", na mwingine Mkatoliki anayetumia rozari, punje moja kwa pumzi moja. Ila liwe neno la kukupeleka mbele. Usijiambie "sitaogopa, sitaogopa", maana utakuwa unalitaja lile lile unalolikimbia. Na usipumue haraka haraka kama inavyoonyeshwa kwenye filamu. Ukihisi vidole vinachonyota au kichwa kinaelea, umepumua mno, punguza mwendo.

Pantoni

Hapa ndipo hipnosisi yenyewe. Unahitaji picha moja, unayoifahamu vizuri, yenye mwanzo na mwisho. Mimi natumia pantoni ya Pangani inayovuka mto kwenda Bweni, kwa sababu nimekulia kule, na kwa sababu abiria wa pantoni haendeshi chochote. Anapanda, anavushwa, anashuka. Kama wewe ni wa Singida na pantoni huijui, tumia unachokijua: kilima na upande wake wa pili, au mtaro wa shamba unaolimwa hadi mwisho.

Jirekodi kwenye simu kwa sauti yako mwenyewe, polepole kuliko unavyodhani inafaa. Maneno yangu ni haya:

"Nimesimama ukingoni. Pantoni inakuja, siikimbilii wala siikimbii. Napanda. Kumi, tisa: mlango unapanda. Nane, saba: maji yanatikisa, mabega yanashuka. Sita, tano: katikati ya mto, hapa mkondo una nguvu, taya limeachia, mikono imelegea. Nne, tatu: naiona minazi ya ng'ambo. Mbili: mlango unashuka. Moja: nakanyaga mchanga. Uchungu huu umeshapita. Napumzika mpaka pantoni nyingine."

Sikiliza kila usiku ukiwa umeshafanya taya na subira. Ukipitiwa na usingizi katikati usijilaumu, wengi hulala. Mtu mmoja aliniuliza kama anaweza kuisikiliza huku anakaanga maandazi. Hapana. Wala ukiwa unaendesha chombo. Na kama umewahi kuugua akili, au kufumba macho kunakurudisha kwenye jambo baya lililokupata, zungumza kwanza na mhudumu wako wa kliniki. Subira na macho wazi inaweza kukutosha.

Fanyia mazoezi kwenye kelele

Hili ndilo ninaloligombania. Kwenye simu utakuta sauti za mvua na ndege, chumba chenye mishumaa. Leba zetu hazina mishumaa. Utalala kitanda cha tatu, wa pili analia mama yake, toroli linapita na gurudumu bovu, na mkunga, pengine mimi, anaita mtu wa kuleta maji. Ukijifunza kulegea penye ukimya tu, siku ile utakuwa mgeni.

Wiki mbili za kwanza kaa kimya. Baada ya hapo washa redio, tena mpira wa Simba na Yanga. Fanya watoto wakigombana. Fanya ukiwa umesimama kwenye foleni ya kliniki, macho wazi. Kisha ongeza barafu: nunua barafu ya ubuyu kwa jirani, ishike kiganjani kwa subira nane, hadi inauma. Mara ya kwanza utaitupa. Mara ya tano utashangaa iko bado mkononi. Ukimaliza, uile.

Siku yenyewe

Usianze mapema. Uchungu wa mwanzo, ule wa kuja na kupotea, unaweza kwenda saa nyingi; ukiupiga subira wote, utafika leba umechoka. Tembea, kula, kunywa chai, oga. Anza pale unapoona huwezi kumalizia sentensi uchungu ukiwa juu. Lakini usibaki nyumbani kwa ajili ya mazoezi. Uchungu umeanza, nenda kituoni; subira inafanyika hata kwenye bajaji.

Wakati wa uchungu si lazima ulale. Simama, shika ukingo wa kitanda, zungusha kiuno taratibu. Waliochezwa unyago hapa nawaona mara moja, mwili unajua pa kwenda.

Uliza kliniki mapema kama wanaruhusu msindikizaji ndani. Wanaporuhusu, kubaliana na huyo dada au mama mkwe jambo moja tu: akiona umekaza anakuwekea kiganja begani na kusema "shusha". Asihutubie, asikwambie ujikaze. Neno "jikaze" natamani lifutwe leba kabisa.

Sasa kosa langu la benchini lisikukute. Mama aliyetulia haonekani kama uchungu wake umefika mbali, na mkunga mwenye wagonjwa wengi huangalia nani anapiga kelele. Sema kwa maneno: "Uchungu unakuja mara tatu ndani ya dakika 10, kila mmoja dakika nzima. Naomba nipimwe njia." Ukihisi kusukuma, sema kwa sauti kubwa.

Kusukuma kukianza, weka subira pembeni na ufuate mwili na mkunga wako. Kichwa kikianza kuonekana utaambiwa usisukume: hapo puliza kwa pumzi fupi fupi, kama unauamsha moto wa mkaa. Kichwa kitoke polepole, usichanike sana.

Na ikiwa upasuaji? Wa pili wangu alikaa mkingamo, nikapasuliwa. Sindano ya mgongo inataka ujikunje na utulie kabisa huku unatetemeka kwa baridi ya chumba kile. Nilivuka na pantoni mara mbili kabla haijamalizika. Kazi niliyoifanya wiki nane haikupotea.

Kulegea ni kwa uchungu wa kawaida. Ukitokwa na damu nyingi, kichwa kikauma sana au macho yakaona giza, ukavimba uso, ukapata homa, mtoto akipunguza kucheza, au maji yakivunjika yakiwa ya kijani, usifumbe macho uhesabu. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Kuhusu ile kanga: itapata damu, kwa hiyo usichague doti mpya ya Idi. Iloweke kwanza kwenye maji baridi yenye chumvi, ndipo uifue kwa sabuni. Maji ya moto yataigandisha damu, na alama haitoki tena.